Nguo za Kwendea kwa Daktari

Marehemu mama yetu alikuwa na sheria moja tu ya afya, nayo haikuhusu dawa: kwa daktari huendi mchafu. Unaoga, unachana nywele, unavaa chupi safi hata kama umevunjika mguu, na daktari akikuuliza hali unamjibu, "Sijambo, asante," kwa kuwa yule mtu ana wagonjwa wengine wanaomsubiri nawe huendi pale kumlilia. Hapa Thornclough, chini ya vilima vya Lancashire, wengi wetu tumelelewa hivyo. Baba yetu alikufa na sheria hiyo. Aliingia kwa daktari amevaa koti lake la kanisani, akasema yuko salama ila kifua kinamsumbua kidogo, akarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Tulimzika kabla chupa haijaisha.

Ungedhani tulijifunza. Mdogo wangu Lorraine hakujifunza kitu, na sheria ile ile nusura imnyang'anye mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Bryony, bintiye wa pekee. Baba yake aliondoka zamani, sitamchosha mtu kwa habari zake. Bryony alikuwa na miaka kumi na mmoja alipougua homa ya tezi, shingo ikavimba, koo likawaka moto. Wenzake waliougua naye walirudi darasani baada ya wiki chache. Yeye alirudi, akaanguka uwanjani wakati wa netiboli, akarudi tena, akaanguka tena, kisha hakurudi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimestaafu kazi ya kupika shuleni. Nikafunga nyumba yangu, nikahamia kwa Lorraine, maana mtu mmoja hawezi kufanya kazi, kufua, kumbeba mtoto hadi chooni, na bado akabaki na akili zake.

Ugonjwa waliuita uchovu sugu. Jina hilo linanitia hasira mpaka leo. Uchovu naujua, tumeishi nyumba moja miaka mingi: unasimama jikoni tangu alfajiri, unaponda viazi vya shule nzima, unarudi miguu imevimba, unalala, ukiamka umekwisha. Kuuita ugonjwa wa Bryony uchovu ni kama kuyaita mafuriko unyevunyevu. Mwanga ulimchoma macho. Harufu ya vitunguu ilimtapisha. Maneno yalimpotea akiwa katikati ya kuyasema. Na ubaya wake hasa ni kwamba ulichelewa. Leo angeweza kukaa, kucheka, hata kutembea hadi getini, ukasema mtoto anapona. Kipigo kilikuja kesho au kesho kutwa, wakati hakuna mgeni wa kukiona.

Daktari bingwa wa watoto aliyepangiwa kumtibu aliitwa Hargreaves. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwa sababu mtu mbaya unamchukia ukalala usingizi wako. Huyu alikuwa na sauti ya upole na tai yenye picha za bata ili watoto wasimwogope.

"Mwili umesahau kufanya kazi, Mama," alimwambia Lorraine siku ya kwanza. "Tutaukumbusha taratibu. Atembee hadi sanduku la posta la mtaani kwenu. Wiki ijayo aongeze kidogo, na inayofuata kidogo tena."

"Akichoka je, daktari?"

"Aendelee. Kuchoka si kuumia."

"Na akiumia?"

Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali hilo tangu asubuhi. "Hofu, Mama, nayo huambukiza."

Basi Bryony akatembea. Alifika sanduku la posta, akafika kona, akafika duka la chipsi, mama yake akimshika mkono na kumhimiza kama mtoto anayejifunza kuendesha baiskeli. Alipofika duka la chipsi hakuweza tena kupanda ngazi za nyumbani. Pasaka ilipoingia hakuweza kushika kijiko. Ndipo Lorraine akasema basi, mtoto hatembei tena, na hilo ndilo likawa kosa lake. Kuanzia hapo kila mtu hospitalini alianza kumwangalia yeye badala ya mgonjwa. Mama ana wasiwasi. Mama anamdekeza. Je, Mama mwenyewe analala vizuri?

Sasa sikia kosa letu la nyumbani. Kila ilipokaribia siku ya kumwona daktari, Lorraine alimwandaa mtoto kama anayemwandaa bibi harusi. Wiki nzima Bryony alilazwa gizani asizungumze na mtu, ili akusanye nguvu. Nywele zilioshwa mapema, apate muda wa kupumzika kutokana na huko kuoshwa. Asubuhi ya safari alivishwa gauni la bluu, viatu vikang'arishwa, na Lorraine akampaka rangi kidogo mashavuni.

"Unampaka rangi ya nini?" nilimuuliza mara moja.

"Aende akiwa kama maiti?"

"Si ndivyo alivyo!"

"Dada, watu watasema simtunzi."

Kiti cha magurudumu kilibaki garini, kwa sababu daktari alikwishasema kiti kinamfundisha mtoto kuwa mgonjwa. Kwa hiyo Bryony aliingia kwa miguu yake, mashavu mekundu, nywele zinanukia.

"Hujambo, Bryony?" Hargreaves akauliza.

"Sijambo, asante. Na wewe?"

"Mimi mzima. Unaendeleaje?"

"Vizuri kidogo, asante."

Akamsimulia paka wetu alivyoiba soseji, daktari akacheka, hata mimi nikacheka. Mkono mmoja wa Bryony ulikuwa chini ya kiti umeshikilia chuma ili asianguke. Mimi niliuona kwa kuwa nilikaa upande ule. Lorraine akaanza kueleza habari za giza, kutapika, kijiko, na nilimwona Hargreaves akimtazama mama, akamtazama mtoto, akamtazama mama tena. Kama ningekuwa yeye, nadhani na mimi ningemwamini mtoto.

Ndani ya gari Bryony alilala kwenye kiti cha nyuma bila neno. Siku ya pili alitapika. Siku zilizofuata tulimlisha kwa mrija.

Alipopata nafuu kidogo nilikaa kando ya kitanda chake nikamuuliza, "Kwa nini unamwambia yule mtu hujambo?"

"Kwa sababu ameniuliza, Mama Mkubwa."

"Si umwambie ukweli?"

Akafikiri, macho amefumba. "Nilimwambia zamani, Mama akiwa nje. Nikasema naumwa sana. Akaniuliza kwa nini nadhani naumwa sana. Akauliza kama kuna kitu nyumbani kinanitisha. Nikisema sijambo ananiacha haraka, narudi kulala."

Nilitoka nikaenda kusimama jikoni. Nilimwaga chai yangu kwenye sinki bila kuinywa.

Kisha ikapigwa simu kutoka halmashauri. Hospitali na shule walikuwa na wasiwasi. Mtoto wanayemwona wao anatembea na kucheka, mtoto anayeelezwa na mama anakaribia kufa, na mama amekatiza matibabu. Kutakuwa na kikao kabla ya likizo ya kiangazi. Pendekezo la Hargreaves lilikuwa Bryony alazwe kwenye wodi moja ya mji mkubwa kwa miezi kadhaa, afanyishwe mazoezi na wanaojua, na mama amwone kwa nadra, kwa faida ya wote wawili. Lorraine akikataa, mahakama ipo.

Lorraine alisikiliza akasema, "Asante kwa kunipigia." Akakata simu, akaketi sakafuni.

"Umewashukuru," nikamwambia.

"Ningesema nini?"

"Kuna maneno mengi. Mengine nayajua mimi."

Kabla ya kikao, afisa ustawi wa jamii angekuja kuona nyumba. Jina lake Joanne, angekuja Jumanne. Nyie, nyumba ile ilisuguliwa! Lorraine alipiga deki mpaka nyuma ya jokofu. Alifua mapazia. Akatoa vikombe vya marehemu mama vyenye maua, ambavyo havikuwahi kutumika tangu matanga. Na Bryony, baada ya kulazwa gizani siku kadhaa, akateremshwa sebuleni amevaa gauni la bluu.

Tuligombana jikoni kwa kunong'ona.

"Mwache alale juu," nilisema. "Yule mwanamke apande akamwone alivyo."

"Mgeni aingizwe chumba kinachonuka?"

"Hajaja kununua nyumba, Lorraine!"

"Wanatafuta sababu ya kumchukua. Akikuta uchafu ndiyo sababu yenyewe."

"Akikuta mtoto mzima anakula biskuti ndiyo sababu kubwa zaidi. Kichwa chako kigumu kama cha baba."

"Na mdomo wako kama wa nani?"

Kengele ikalia, tukavaa nyuso za wageni.

Joanne alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya mvua, amechoka kama sisi. Nilitarajia kumchukia, nikashindwa. Alikunywa chai, akasifu vikombe. Bryony akamuuliza kama amekuja mbali, akamsimulia habari za paka na soseji. Lorraine alikaa wima, mikono mapajani, akieleza kwa sauti ndogo kwamba mtoto huwa hivi halafu huwa vile. Joanne aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwa msichana mwenye mashavu mekundu. Nilijua kabisa anachokwenda kusema kikaoni.

Alipotoka nilimfuata hadi kwenye gari, mvua inanyesha.

"Rudi keshokutwa," nikamwambia.

"Kuna tatizo?"

"Rudi Alhamisi. Usipige simu kwanza."

"Bi Denise, huwa tunatoa taarifa—"

"Ukitoa taarifa utakutana na vikombe vya mama yangu tena. Ulichokunywa leo ni chai ya adabu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njoo uone kitanda."

Aliwasha gari, akaondoka, nami nikabaki nimelowa, nikiwaza kwamba pengine nimemkabidhi mtoto wa mdogo wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi tulikuwa jikoni kengele ilipolia. Lorraine akachungulia pembeni ya pazia, akageuka amepauka.

"Yule mwanamke! Amerudi kufanya nini?"

"Fungua."

"Nifungue vipi? Vyombo havijaoshwa. Bryony hajaguswa nywele tangu Jumatatu, ametapikia shuka..." Akanitazama. "Ni wewe, siyo?"

"Ni mimi."

"Mshenzi mkubwa."

"Haya, mshenzi. Fungua mlango."

"Sifungui!"

Kengele ikalia tena. Sauti ya Joanne ikapita kwenye tundu la barua mlangoni. "Lorraine, najua mpo. Nikiondoka bila kumwona itabidi niseme nimekatazwa kuingia. Tafadhali usinifanye niseme hivyo."

Lorraine alikuwa ameshachukua kitana juu ya meza. Alikishika kwa mikono miwili. "Mwambie asubiri kidogo. Nimchane tu. Nimbadilishe blauzi. Dada, nakuomba, kidogo tu."

"Ukimwinua sasa hivi atazimia na unajua."

"Hawezi kumwona hivyo! Mtu gani anaonyesha mtoto wake hivyo?"

"Mficha maradhi, Lorraine, kifo humuumbua. Baba hakukuonyesha?"

Nilijua ni neno la kikatili. Aliketi kwenye ngazi, kitana mkononi, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti, mabega tu. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Nilimruka nikaenda kufungua mlango.

Joanne alivua viatu bila kuambiwa. Tukapanda. Kwenye dirisha la Bryony tulikuwa tumetundika blanketi juu ya pazia, kwa hiyo ilibidi asimame kwanza macho yazoee. Kisha akamwona. Bryony alilala chali, kitambaa machoni, vizibo masikioni, nywele zimegandamana kwenye paji la uso, midomo imekauka. Kando kulikuwa na beseni na kikombe chenye mrija. Rangi ya mashavu ya Jumanne ilikuwa imebaki kwenye foronya. Kwa kweli chumba kilinuka.

Joanne alipiga magoti. Nilimtoa Bryony kizibo kimoja cha sikio, polepole.

"Bryony, ni Joanne," akanong'ona. "Hujambo?"

Tukasubiri. Nilidhani hajasikia. Kisha vidole vikasogea juu ya shuka, midomo ikafunguka, na sauti ikatoka, nyembamba kama uzi.

"Sijambo."

Akapumzika.

"Asante."

Akapumzika tena, kwa muda mrefu zaidi. Shingo yake ikakazana, akijaribu kuinua kichwa kwa ajili ya mgeni, kichwa kikakataa kuondoka kwenye mto.

"Na wewe?"

Joanne aliweka mkono juu ya vile vidole. "Usinijibu, mwanangu," akasema. "Usinijibu tena. Lala." Akaketi pale kwenye zulia, mgongo ukutani, akakaa nasi gizani mpaka pumzi za mtoto zikatulia.

Tuliposhuka, Lorraine alikuwa bado kwenye ngazi.

"Jumanne alikuwa ananisimulia habari za paka," Joanne alisema.

"Jumanne alikuwa anakukaribisha," nikamjibu. "Haya uliyoyaona juu ndiyo yaliyofuata."

"Lakini kwa nini hamkusema?"

Lorraine akainua uso. "Nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Maneno yangu yanasema anaumwa, na ninyi macho yenu yanaona amechana nywele." Akakitazama kitana mkononi, na nikaona kwamba masikio yake mwenyewe yameyasikia maneno hayo. "Nimemchana mimi," akasema.

Kikaoni sikuruhusiwa kuingia. Lorraine alinieleza baadaye, bado amevaa koti lake zuri, kwamba Hargreaves alisema kwa upole wake ule ule kuwa kila mara humuuliza mtoto mwenyewe, na mtoto mwenyewe humwambia hajambo.

"Na mimi aliniambia hajambo," Joanne akasema. "Alikuwa hawezi kuinua kichwa."

Hapo, alisema Lorraine, watu walitazama meza.

Hawakumchukua. Hakuna aliyeomba radhi. Walisema tu kwamba kwa sasa abaki nyumbani, mazoezi yasimame, na suala litazamwe tena majira ya kupukutika kwa majani, daktari akishamwona. Tulirudi nyumbani tukala mkate na jibini tumesimama. Ungetegemea tufurahi. Tulilala.

Siku ya kwenda kwa daktari ilipofika, Lorraine aliamka mapema akazunguka chumba cha Bryony kama kuku aliyepotelewa na mayai. Alishika gauni la bluu, akalirudisha. Alishika kitana, akakitia kwenye mkoba wake. Tulimtoa mtoto akiwa na nguo zake za kulalia, nywele kama zilivyo, tukamlaza kwenye kiti cha magurudumu kilichoinamishwa nyuma, miwani myeusi usoni. Kule kwenye benchi la kusubiria akina mama walitutazama. Mmoja alimsogeza mwanawe. Lorraine alikuwa mwekundu hadi shingoni, mkono umeingia mkobani, na nilijua umekamata nini. Hakukitoa.

Hargreaves alikuwa na tai ile ile ya bata. Aliinua macho, akasimama nusu, akaketi.

"Hujambo, Bryony?"

Bryony aligeuza uso kidogo kumwelekea mama yake. Muda wote ule sikuwahi kumwona akiomba ruhusa ya kuwa mgonjwa. Lorraine alimwinamia.

"Mjibu tu, mwanangu. Mjibu ilivyo."

"Vibaya, daktari," Bryony akasema. "Vibaya sana. Tangu mwanzo."

Na mdogo wangu, Mungu ambariki, akafungua kinywa. "Samaha—" alianza, kumwomba mtu yule radhi kwa ajili ya mtoto wake. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Hargreaves alikizungusha kiti chake, akakisogeza karibu na magurudumu. "Nieleze," akasema. Lakini Bryony alikuwa amemaliza nguvu zake kwa maneno yale machache, amefumba macho nyuma ya miwani. Ikabidi Lorraine aeleze. Alieleza yote, duka la chipsi, kijiko, mrija, giza, akilia na kupangusa pua kwa mkono wa koti lake zuri, na safari hii daktari alimsikiliza huku akimtazama mtoto.